Rulo ya Buluu na Baiskeli ya Katekista

Jumatatu, 3 Juni 1957. Kasongo.

Siku kubwa! Leo nimeshika rulo. Bwana wetu wa kazi, Mbelgiji tunayemwita Bwana Tosha kwa kuwa kila jambo kwake huishia kwa "tosha, tosha", ameleta mbili kutoka Bukavu. Ni bomba fupi lililovishwa ngozi ya kondoo yenye manyoya, na mshiko wa chuma. Unachovya katika rangi, unaviringisha ukutani, ukuta umekwisha. Kwa heri, pinso, brashi ya kale!

Rulo moja nimepewa mimi. Ya pili kapewa Roger. Kwa nini Roger? Mtu anayepaka ukuta kama anayemnyoa mgonjwa. Tena hupiga mluzi wa nyimbo za kanisa, siku nzima.

Halafu habari yenyewe. Tukimaliza nyumba ya wageni, mmoja wetu atafanywa kapita wa wapaka rangi, na ataongoza kazi Kabambare, kwenye nyumba mpya ya uzazi. Kapita hupewa nyumba ya matofali. Yenye mabati! Sharti ni moja. Rulo ioshwe kila jioni mpaka maji yatoke safi. Atakayeiharibu, ukapita ausahau.

Nimemwambia mke wangu Sidonie aanze kufunga vyombo. Amejibu kwamba kwanza nizibe tundu la paa lililo juu ya kitanda. Sidonie ni mwanamke mwema, ila haoni mbali.

Jumanne, 4 Juni.

Nimeosha rulo mtoni. Niliiminya, ikatoka buluu. Nikaiminya tena, buluu. Nikaikanyaga kwa mguu, buluu! Ndani ya manyoya yale mna kiwanda.

Roger alikuwa pembeni na kipande chake cha sabuni ya mawese, anaosha yake kama mama anayemwogesha mtoto mchanga. Na mluzi juu. Akaniambia, bila kuulizwa, kwamba siri ni kutokuwa na haraka. Nikamshukuru kwa ubaridi.

Nimerudi na mikono ya buluu hadi kwenye viwiko. Sidonie ameuliza nimemsalimu nani.

Nimewaza wakati wa kula bukari, ugali wetu. Mtu mwenye akili haminyi. Mtu mwenye akili hutengeneza chombo.

Jumatano, 5 Juni.

Chombo kiko tayari! Nimekata bati gumu la kopo la mafuta, kisha upande mmoja nikalikata pengo kama mwezi mchanga, ili likumbatie mgongo wa rulo. Unavuta kutoka juu hadi chini, rangi yote inashuka. Rahisi kabisa. Nashangaa Wazungu hawajawaza jambo hili.

Jirani yetu Faida, ambaye pua yake haikai nyumbani kwake, ameuliza kama hicho ni kitu cha kukwangulia muhogo. Nimemjibu kwamba ni siri ya kazi. Ameniomba nikimaliza siri yangu nimwazime, ana muhogo.

Nimevuta. Rangi ikashuka kwa wingi! Nikavuta kwa nguvu zaidi. Yakashuka manyoya.

Sasa rulo ina kipara. Si kikubwa. Ukubwa wa utosi wa padri.

Alhamisi, 6 Juni.

Kipara kinaacha alama. Kila rulo inapozunguka, panabaki doa lisilo na rangi. Ukuta mzima una madoa, yamejipanga kama wanafunzi mstarini. Nilikuwa bado nautazama alipoingia Bwana Tosha.

"Théophile. Iko nini hii?"

"Mtindo, Bwana. Mtindo wa Brisele, Ubelgiji."

Akasema yeye alizaliwa Brisele. Jambo hilo sikulijua. Nikamuuliza kwa heshima ni lini alikwenda huko mara ya mwisho. Akafikiri sana. Akasema kabla ya vita.

"Basi, Bwana!" nikasema.

Aliutazama ukuta tena, kwa sura ya mtu aliyesahauliwa na kwao. Akasema "tosha", akatoka. Nilimwonea huruma kidogo.

Jioni Roger aliniletea kipande cha ngozi ya kondoo na gundi, niibandike palipo na kipara. Ameitoa wapi? Hakusema. Hakucheka pia. Mtu asiyekucheka wakati unastahili kuchekwa, huyo ana lake. Nimeipokea. Nimebandika. Inashika vizuri. Simwamini.

Ijumaa, 7 Juni.

Nimepata! Nilikuwa nimekaa kando ya mto, rulo mkononi, nikiichukia. Mbwa wa Faida akatoka majini, akasimama karibu yangu, akajitikisa. Frrr! Nikalowa mimi, yeye akakauka. Mbwa huyo hakuminywa na mtu yeyote! Alizungusha manyoya yake, maji yakakimbia yenyewe.

Basi rulo izungushwe. Kwa kasi. Na kitu gani huzunguka kwa kasi? Gurudumu la baiskeli! Baiskeli unaipindua, inasimama kwa usukani na kiti. Mkono mmoja unazungusha pedali, mwingine unaigusisha rulo kwenye mpira wa gurudumu la nyuma. Gurudumu linazunguka, rulo inazunguka, rangi inatoka. Nimeichora ardhini kwa kijiti, kisha nikaifuta ili Roger asiione.

Baiskeli sina. Nimekwenda kwa katekista Raphaël, nikamwambia naihitaji kwa kazi ndogo ya usafi. Akauliza ni usafi wa roho? Nikasema kila usafi una njia yake. Ameniazima hadi Pentekoste.

Jumamosi, 8 Juni.

Nianze na mazuri. Chombo kinafanya kazi! Baada ya kuzungusha kidogo tu, rulo ilikuwa safi, nyepesi, manyoya yamesimama kama ya kifaranga.

Sasa mengine.

Rangi inatoka, ndiyo. Sikuwa nimejiuliza inakwenda wapi. Inaruka mbali kwa mstari mmoja ulionyooka. Ilipita juu ya unga wa muhogo ambao Sidonie alikuwa ameuanika. Ilipita juu ya kuku. Ikaupanda ukuta wa Faida. Mimi nilikuwa nimefumba macho kwa sababu ya matone, nikizidi kuzungusha, nikipiga kelele za furaha.

Rulo ikawa nyepesi. Nikafumbua macho.

Mlangoni mwa uwanja alisimama mama mkwe wangu, Mama Régina. Alikuwa ametoka Wamaza kwa miguu kuja kusali Pentekoste nasi. Kikapu kichwani. Kikwembe kipya cheupe. Na mstari wa buluu kuanzia kwenye paji la uso, juu ya pua, katikati ya kifua, hadi kwenye kidole kikubwa cha mguu. Mnyoofu kabisa! Hata kwa kamba nisingeweza kuupiga vile.

Mkwe, hata kumtazama usoni huthubutu, unainama. Mimi nimempaka rangi.

Nilipiga magoti. Nikamwambia, "Karibu, mama."

Akamwita Sidonie, bila kunitazama, akamuuliza kwa utulivu mkubwa, "Mwanangu, bwana yako ni mgonjwa tangu lini?"

Jumapili, 9 Juni. Pentekoste.

Mama Régina amelala kwa Faida. Kanisani alikaa mbele, pua bado ya buluu. Watu waliimba wakigeuka kumtazama, kisha wakageuka kunitazama mimi. Baiskeli ya katekista ilikuwa imeegeshwa nje, nayo ya buluu. Raphaël alisoma somo kwa sauti ya mtu aliyeumia.

Baada ya misa wazee wameketi. Kumchafua mkwe, faini yake ni mbuzi. Hakuna ubishi, tangu mababu ni mbuzi. Nimemtoa mbuzi wetu, na Sidonie mwenyewe ndiye aliyemfungua kamba. Ndilo jambo lililoniuma. Angepiga kelele ningepumua.

Mama Régina amempokea mbuzi na kunisamehe mbele ya wote. Kisha amesema la pili. Amelala usiku mmoja Kasongo, na kwa Faida amesikia yote kuhusu tundu la paa. Binti yake ana mimba, mvua zitarudi, mtoto hatazaliwa chini ya tundu. Ama nipate paa la kweli, ama anaondoka na Sidonie kwenda Wamaza.

Sidonie ana mimba! Nimemuuliza kwa nini hakuniambia. Amesema aliniambia Jumatano. Nilimjibu, "Ngoja nimalize kukata bati."

Nimekaa nje muda mrefu. Sikuchora chochote ardhini.

Jumatatu, 10 Juni.

Nimeamka na nguvu. Ukapita ni wangu, kwa ajili ya mtoto. Na chombo ndicho kitakachoniletea. Kosa la kwanza lilikuwa nini? Kukosa ukuta wa kuzuia rangi. Basi! Nimepata pipa tupu la petroli, nimekata dirisha ubavuni, gurudumu linaingia kidogo, na rulo inazungukia ndani. Tone halitoki.

Roger amepita akaniona. Ameuliza rulo inashikwaje isichomoke. Nikamwambia inashikwa na mkono wa mtu mwerevu. Akaniambia nifunge waya. Nikamwambia asante, waya ni wa watu wenye mashaka.

Raphaël amekuja kudai baiskeli yake. Nimemwambia kesho itamwimbia Mungu. Amekaa juu ya jiwe kuilinda.

Jumanne, 11 Juni.

Nyumba ya wageni imekwisha. Chumba changu kina madoa ya mtindo. Chumba cha Roger ni cheupe, laini kama yai lililomenywa, hata mimi nilikigusa. Bwana Tosha alisimama barazani atangaze. Nikaomba ruhusa nionyeshe kitu kwanza.

Nikazungusha pedali. Frrr! Ndani ya pipa rangi ikanguruma kama mvua juu ya mabati. Hakuna tone lililotoka! Nikaitoa rulo, safi. Wafanyakazi wakapiga makofi. Bwana Tosha akavua kofia. Aliigusa rulo, akainusa, akasema maneno mengi ya Kifaransa, nami nikasikia "jeni" mara mbili, ndiyo mtu wa akili nyingi. Roger naye alipiga makofi, tena kwa nguvu. Mama Régina, aliyesimama mbali sana, alitikisa kichwa kidogo, nadhani kwa kukubali. Ni hapo nilipopaswa kufa.

Bwana Tosha akataka kujaribu mwenyewe.

Alichovya rulo ndani ya ndoo ya buluu ili apate kitu cha kusafisha. Ana mikono mirefu. Alizungusha kama mtu anayefukuzwa. Nikasema, "Bwana, polepole." Akasema, "Bado haitoshi!" Sijapata kumsikia akisema hivyo.

Rulo ikachomoka kwenye mshiko wake. Ikatoka kwa dirisha la pipa, ikapita karibu na sikio la Raphaël, ikaingia kwa dirisha la nyumba ya wageni, chumba cha Roger. Ilitua juu kabisa ya ukuta wa mbele. Na kwa kuwa ni rulo, ikafanya kazi yake. Ikateremka ukutani yenyewe, ikiviringika, hadi sakafuni.

Bwana Tosha aliuangalia ukuta. Aliiangalia rulo. Ilikuwa imepasuka katikati.

"Tosha," akasema. Taratibu sana.

Alhamisi, 13 Juni. Ndani ya kamio, njia ya Kabambare.

Naandika huku lori hili linanitikisa. Mambo yamekuwa hivi. Roger ni kapita. Jana alipaka ukuta wake upya bila kunilaumu, akipiga mluzi. Kisha akaenda kwa Bwana Tosha, na alichosema huko nimekijua kwa Sidonie tu. Alisema bila mimi haondoki. Alisema pia nyumba ya kapita ni kubwa kwa mtu asiye na mke, basi sisi tutakaa upande mmoja, yeye upande mwingine. Paa ni lile lile. Mabati!

Sidonie alilia aliposikia. Mama Régina alimpa Roger mkono na kumwita "mwanangu". Mimi bado ananiita "yule". Amepewa nafasi mbele pamoja na dereva, kwa kuwa Wamaza ni njia yetu. Mbuzi wangu yuko nyuma pamoja nami. Ananitazama.

Nimemwendea Roger kumshukuru. Nikamwambia ule mluzi wake, pengine si mbaya. Akasema kazi yangu Kabambare itakuwa kuosha rulo za wote, mtoni, kwa mkono na sabuni. Kwa mkono! Alisema hivyo kwa upole, akanipa na kipande cha sabuni.

Mwanzoni niliona haya. Sasa nimefikiri, naona wazi. Nimepewa idara nzima! Roger ana watu, mimi nina rulo zote. Na chombo changu hakikuwa na kosa. Baiskeli ndiyo dhaifu.

Tumesimama kidogo ili injini ipoe. Nimeshuka, nimeinama, nimelitazama gurudumu la nyuma la kamio. Gurudumu hili! Ukiliinua juu kwa jeki, injini ikawaka, ni rulo ngapi zingeweza kuegemea hapo kwa wakati mmoja?

Nimemuuliza dereva kama kamio yake inaweza kuinuliwa na kuzungusha gurudumu ikiwa imesimama. Amesema inaweza, akauliza kwa nini.

Nimemwambia ni siri ya kazi. Watu huiba mawazo. Ile sabuni nimempa mbuzi.