Mfute Ruweida Katika Mafunzo ya Wanawake

Kibokoni, Mombasa
11 Juni 1996

Bwana Meneja Baya,

Shikamoo sikupi, maana nakuzaa. Hujambo?

Mimi ni nyanyake Ruweida, karani wako wa mizigo. Kalamu sikufunzwa, aniandikia Mirriam, mpangaji wangu, na nimemkanya asinilainishie maneno.

Ofisi yako ilimpeleka Ruweida wiki mbili kwenye mafunzo ya kuwainua wanawake kazini. Sasa nasikia mwataka aende Nairobi miezi mitatu, akirudi awe mkuu wa makarani. Kwa heshima zote, mfute. Sababu ni hizi:

1. Amefunzwa kumkazia mtu macho akisema naye. Juzi kamkazia muuza samaki wa Kuze, yule mwizi wa mizani, hata akaongeza samaki changu wawili bila kuambiwa. Sasa akiniona mimi tu, huyo, afunika kapu.

2. Aniuliza lengo langu la kukaa barazani na mashoga zangu tangu alasiri. Lengo! Miaka arubaini twasengenya pale hatujaulizwa. Tena katupangia zamu za kusema. Shoga yetu Mwanarusi, aliyekuwa hapati nafasi, sasa hanyamazi.

3. Hili ndilo lililoniua. Watu wa Bondeni walileta posa, na kijana wao Saif wakaja naye. Desturi, msichana hujifungia chumbani akajifanya hayuko. Huyu katoka na daftari, akaketi mbele yake: "Miaka mitano ijayo wajiona wapi?" Kijana akamtazama babake, akajibu, "Papa hapa." Ruweida akamwambia ahsante, tutakujulisha. Wakaondoka na halua yao, na mimi nilishaionja kwa macho.

4. Akiwa mkuu, nani atamposa? Wanaume watakuja kwangu kuomba kazi! Na hao makarani wako wanaume, watoto wa watu, watajificha wapi? Kama lazima mfunze mtu, wafunzeni wao kufua soksi.

Nisalimie mkeo, wanao, na bawabu wako mwenye adabu.

Mimi, kwa heshima na hasira,
Bi Mwanakuu binti Sheikhan

Tanbihi: Mirriam amemsomea Ruweida barua hii. Hakukasirika. Kasema, "Basi, nyanya, siendi. Na miguu yako hii inayokuuma nitakuacha na nani?" Nikamwambia miguu ni yangu, si yake. Sasa alia jikoni, eti ni vitunguu, na tupikacho ni kaimati za sukari. Kesho atakuletea barua ya kukataa. Ichane. Sanduku lake nimeshalifunga mimi.