Wiki ya Hoteli Isiyo na Nyama

Jumatatu, 2 Julai 1934

Shinyanga imepata maajabu! Bwana Ramsaran, Mhindi wa Punjabi, kule kaskazini kabisa mwa Bara Hindi, amefungua hoteli ya chakula karibu na stesheni ya reli. Humo haipikwi nyama. Si ya ng'ombe, si ya mbuzi, si ya kuku. Mboga, nafaka na maziwa tu.

Nilisimama nje adhuhuri nikitoka kazini. (Mimi ni karani wa mizani kwenye soko la pamba. Cheo si haba.) Wakatoka makarani wa Kihindi wa jineri, kile kiwanda cha kuchambulia pamba, matumbo mbele, wakicheua kwa raha zao. Matumbo yale yametokana na nini? Majani? Ng'ombe wa Kishapu wanakula majani mwaka mzima na mbavu zao unaziona ukiwa ng'ambo ya mto!

Upepo ukaleta harufu. Nikaitambua papo hapo. Mvuje, ile gundi yenye harufu kali! Ule ule ambao Bi Mwahija, mwenye nyumba wangu, huwafukizia watoto wachanga ili mashetani wawe mbali. Nikakimbia kumweleza. Akasema basi hoteli hiyo ina mashetani, na wanafukuzwa kwa bidii. Nikamwambia mvuje wa kule haufukizwi, unatiwa chunguni na watu wanaula. Akanitazama kwa huruma, akaniuliza kama nilipata chai asubuhi.

Lazima nijue. Sina raha mpaka nijue.

Jambo la pili, tena zito. Mzee Mabula anakuja Jumamosi kutoka Kishapu na pamba yake. Huyu ndiye baba yake Esta. Na Esta ndiye sababu ya mimi kusoma mizani kichwa chini tangu msimu ulipoanza. Mzee akiondoka atakuwa amesema nani alete posa: mimi, au Sabiti fundi cherehani. Sabiti amekwisha nunua mbuzi wa kumkirimu. Mimi sina mbuzi. Nina akili.

Jumanne, 3 Julai

Nimechungulia. Nyuma ya hoteli kuna ua wa mabua wenye tundu la kutosha jicho. Nikaweka jicho.

Mke wa Bwana Ramsaran, Mama Shanti, alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko. Anasukuma chapati nyembamba, haina hata tone la mafuta, anaitupa juu ya makaa matupu. Ikavimba kama chura! Nani kaipuliza? Hakuna! Nikasogea nione vizuri. Ua ukalala chini, nami juu yake.

Bwana Ramsaran akatoka na upawa mkononi. Akauliza nataka nini. Nikasema nakagua mchwa. Akauliza natoka ofisi gani. Nikasema ya mchwa. Akasema anayetaka kuona jiko lake apite mlangoni kama watu, avue viatu, anawe, akae, ale. Ndani wanakaa Wahindi wenzake. Barazani huku nyuma, mbele ya jiko, anakaa yeyote mwenye njaa.

Nikavua viatu. Soksi ina tundu kubwa kuliko la kwenye ua. Nikakunja kidole.

Akaniletea sinia la shaba lenye vibakuli pembeni. Dengu. Viazi vyenye bizari. Mtindi. Achari ya ndimu iliyonitoa machozi. Na katika kibakuli kimoja, mchuzi wenye vipande vyeupe, laini, vya mraba. Nikajua nimemkamata! Mafuta ya kondoo! Nikamnong'oneza kwamba siri yake iko salama kwangu. Akacheka mpaka akaweka chini ndoo ya mchuzi aliyokuwa akigawia. Kumbe ni maziwa! Yanachemshwa, yanakatwa kwa ndimu, yanafungwa kitambaani na kukandamizwa kwa jiwe. Maziwa ya kutafuna! Nimeishi nchi ya ng'ombe tangu nizaliwe na hakuna aliyeniambia jambo hili.

Ndipo balaa lilipoanza. Nikamaliza, akaongeza. Nikamaliza tena, akaongeza tena. Nikakumbuka adabu ya kwetu, nikabakiza kidogo kuonyesha nimeshiba. Uso ukamkunjamana, akauliza chakula kina ubaya gani. Nikala kilichobaki ili nisimuudhi. Akaongeza! Nikasema Alhamdulillahi kwa sauti. Akadhani namsifu. Akaongeza! Nikacheua. Akafurahi mno, akaita mkewe aje aone. Wakaongeza wote wawili! Mwishowe nikaweka kiganja juu ya sinia ili nijiegemeze nisianguke, na palepale akageuka akaenda zake na ndoo. Kumbe ndiyo alama! Kiganja juu ya sinia. Si wangesema mapema.

Nimerudi nyumbani nikitembea kama mjamzito wa mwezi wa mwisho. Furaha tupu.

Alhamisi, 5 Julai

Nimepata. Nitampeleka Mzee Mabula kwa Bwana Ramsaran! Mbuzi amekula maisha yake yote. Maziwa ya kutafuna hajayaona. Sabiti na mbuzi wake wataonekana washamba.

Asubuhi nilimkuta Esta kisimani. Wiki hii anakaa kwa shangazi yake hapa mjini. Nikamsimulia habari ya chapati inayovimba. Macho yakamtoka! Akatua ndoo, akauliza hewa inaingilia wapi. Nikasema ni mambo ya makaa. Akasema hilo si jibu. Kweli si jibu. Lakini nimependa alivyouliza. Wengine wote niliowasimulia waliuliza kama nimelipia.

Akasema atakuja na baba yake Jumamosi aone mwenyewe. Akasema pia kwamba baba yake ni mtu wa kupenda kuona mambo mapya, kwa hiyo nisijisumbue na mbwembwe, nimpeleke tu.

Nimpeleke tu! Mtoto wa watu hajui dunia.

Jioni Bi Mwahija akanitilia mchanga kitumbuani. Akanikumbusha kwamba mgeni wa heshima hupewa firigisi. Mzee mwenye zizi lililojaa, ukamlisha dengu na viazi, atadhani unamwona hohehahe. Maneno yakanikata maini. Firigisi! Niliisahau kabisa firigisi!

Sabiti alipita akimvuta mbuzi wake, makusudi, wakati njia yake ni nyingine. Mbuzi amenona kuliko mwenyewe. Akanisalimu kwa sauti ya mtu aliyekwisha oa.

Ijumaa, 6 Julai

Tatizo limekwisha. Baada ya swala nimenunua jogoo. Bi Mwahija amembanika, na firigisi ameibanika nzima, imekaa vizuri kama kitasa. Nimeifunga kwa pamba safi ya daraja la kwanza kutoka mizanini kwetu, isichafue kanzu. Kesho Mzee akigeuka kidogo, naidumbukiza katika kibakuli chake cha dengu. Basi!

Bi Mwahija akauliza kama Bwana Ramsaran anajua. Nikamwambia atajulia wapi? Hali firigisi, hata sura yake haijui. Akasema nyumba ya mtu ina mwiko wake. Nikasema ndiyo maana naitia kimyakimya. Mzee atapata heshima yake, Mhindi atapata mteja, mimi nitapata mke. Nani kaumia?

Jogoo mwenyewe nimemla. Alikuwa mgumu.

Jumamosi, 7 Julai

Sitaki kuandika. Naandika hivyohivyo.

Mwanzo ulikuwa mwema kupita nilivyoota. Mzee Mabula alivua makubazi yake ya ngozi bila kuambiwa, akanawa, akakaa mkekani kama aliyezaliwa hapo. Esta akaitwa na Mama Shanti akae karibu na jiko. Nikampa Mzee shikamoo mara tatu. Aliitikia ya kwanza tu.

Bwana Ramsaran akaleta sinia. Mzee akaonja dengu yenye samli. Akaonja mtindi. Akatafuna yale maziwa ya kutafuna, akaacha kutafuna, akatafuna tena. Akauliza yametengenezwaje. Bwana Ramsaran akaketi kando yake akaeleza. Mzee akauliza habari za ng'ombe wa Punjabi: pembe zao, rangi zao, wanakamuliwa mara ngapi, wanapewa majina? Bwana Ramsaran akasema wa mama yake aliitwa Gauri na alipokufa walilia. Mzee akasema wa kwake mmoja naye alililiwa. Wakatazamana kama ndugu waliopotezana utotoni!

Mimi nikaona jasho. Nikajiambia huyu Mzee ni mstaarabu tu, anaficha uchungu. Anangoja firigisi. Pale alipogeuka kumwangalia Esta, ambaye alipiga kigelegele chapati yake ilipovimba, nikadumbukiza.

Vidole vya Mzee vikaikuta. Akaiinua juu. Akatabasamu mpaka mapengo yote yakaonekana, akamwambia Bwana Ramsaran wabeja sana, wabeja, yaani asante kwa Kisukuma, kumbe hata nyumba isiyopika nyama inajua kumpa mgeni firigisi!

Bwana Ramsaran akasimama.

Mama Shanti akajifunika uso kwa ushungi. Ndani makarani wakainuka, mmoja akakimbilia nje kusukutua. Bwana Ramsaran hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akauliza taratibu imetoka wapi. Nikasema pengine kuku alipita. Ndipo karani mmoja wa jineri akasogea, akaona nyuzi nyeupe zilizoganda kwenye firigisi, akazisugua kwa vidole kama tufanyavyo sokoni, akasema daraja la kwanza. Wote wakatazama mfuko wa kanzu yangu. Pamba ilikuwa inaning'inia nje.

Wakabeba vyungu vyote, vyote, wakamwaga nje. Chakula cha siku nzima. Mbwa wa stesheni wamefanya sikukuu. Mama Shanti alikuwa analia huku akisugua jiko kwa majivu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Naiona hata sasa.

Mzee Mabula akasimama, akamwomba Bwana Ramsaran radhi kwa mikono miwili. Kisha akanigeukia. Akasema alikuwa ameshiba heshima tayari. Akasema amekaa na ng'ombe maisha yake yote, na hajaona nyumba inayomtukuza ng'ombe hivi: unakula mali yake yote na mwenyewe yuko hai malishoni. Nami nimemfanya ainajisi nyumba hiyo kwa mkono wake mwenyewe. Akasema mtu anayemficha mwenyeji wake firigisi, atamficha mkewe mangapi?

Nikavaa viatu. Nilivaa kulia kushoto.

Jumapili, 8 Julai

Sabiti kaumbuka! Jana jioni Mzee alifika kwake, akatazama nyama ya mbuzi, akasema leo roho yake haitaki kitu kilichochinjwa, akaomba maji. Sabiti amebaki na mbuzi mzima na nzi wake. Hakuna aliyechaguliwa! Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu jana.

Esta alikuja kisimani. Nilitaka kukimbia, akaniita. Hakucheka wala hakugomba. Akasema Mama Shanti alimwachia aitupe chapati moja motoni kwa mkono wake, na ikavimba, na sasa anajua: ni maji yaliyo ndani ya unga. Yanapata moto, yanageuka mvuke, yanatafuta pa kutokea. Akasema alitaka kunieleza mimi kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, akageuka anitafute, na akakuta watu wanamwaga vyungu.

Mimi kwanza!

Akasema baba yake anaondoka kesho kutwa, na hasira yake si ya kudumu. Yeye Esta anataka jambo moja. Niende kwa Bwana Ramsaran, nisimame mlangoni, niseme nimekosa. Basi. Nisilete maneno mengi wala zawadi wala ujanja. Mikono mitupu. Akaninyooshea viganja vyake vyote viwili nione mikono mitupu inavyofanana. Nikifanya hivyo, atasimama na mimi mbele ya baba yake.

Nimeapa. Mikono mitupu.

Jumatatu, 9 Julai

Nimelifikiria jambo hili vizuri, asubuhi yote, mizani ikiwa imesimama na wakulima wakinung'unika.

Mikono mitupu? Mtu mzima, karani, naenda kuomba radhi mikono ikining'inia kama mikia? Nimewatilia najisi chakula cha siku nzima, halafu niwapelekee pumzi yangu tu? Watu wa kwetu watasema sikulelewa. Esta ana moyo mzuri, lakini hajui mambo ya heshima. Na atanishukuru.

Treni ya Mwanza ikafika saa hiyohiyo. Kama haikuwa ishara ni nini? Mle ndani mama mmoja alikuwa na sato kutoka ziwani, aliyebanikwa, mkubwa, urefu wa mkono wangu mzima. Nimemnunua.

Bi Mwahija akauliza kama nimerukwa na akili. Nikamweleza polepole, kwa kuwa umri umekwenda. Samaki si nyama. Hana kwato, hana pembe, hajawahi kumdhuru ng'ombe yeyote. Hata sisi hatumchinji! Akaketi chini, akashika kichwa. Furaha, nadhani.

Makosa yangu ya Jumamosi nimekwisha yajua, na sitayarudia. Kosa lilikuwa kuficha. Kwa hiyo nitapita mlangoni kama watu, nitanawa, nitakwenda moja kwa moja hadi jikoni kwa Mama Shanti, na nitamlaza sato katikati ya jiko aliloliosha, pamoja na kichwa chake na macho yake yote mawili, ili kila mtu aone kwamba safari hii sifichi kitu.