Lori la Nyanya Linazunguka, Haliwaki

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa sasa ni mimi mwenyewe, baada ya yule tuliyemwalika kupata dharura. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi. Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti wa kamati hiyohiyo, ambaye hasemezani na mwenyekiti wake. Wakuu wa vitengo, wakuu wa vijitengo, na wote mnaokaimu nafasi za waliokwenda semina. Akina mama wa ushirika wa nyanya mkiongozwa na shangazi yangu mpendwa, dada wa baba yangu. Ndugu dereva, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa! (Makofi. Shangazi hapigi.)

Leo tunaandika historia kwa wino usiofutika, kwani tunazindua Kituo cha Kisasa cha Uchunguzi Shirikishi wa Malori Yanayozunguka Bila Kuwaka, mradi mtambuka wenye paradaimu mpya, uliopitia fizibiliti stadi, monitaringi na ivaluesheni, na chai ya saa nne, na ambao umebaini, kwa mujibu wa takwimu za ofisi yangu, kwamba asilimia mia moja ya malori yasiyowaka hayaendi popote. (Makofi. Mtu mmoja: “Kweli kabisa!”)

Na kama mnavyojionea, lori hili la ushirika, ambalo lilikuwa linapita zake kupeleka nyanya kiwandani nami nikalisimamisha kidogo tu lipendezeshe hafla, nikapanda, nikashika usukani, nikapigwa picha nikiwa na koti na nyingine bila koti, sasa limejitolea lenyewe kuwa mfano hai. Dereva, hebu washa wadau wasikie.

(Lori: nye-nye-nye-nye-nye. Kimya.)

Mmesikia utamu huo? Injini yake inazunguka! Lori lisilozunguka ni janga, lakini lori linalozunguka bila kuwaka ni fursa! (Vicheko.) Naona shangazi amenyanyua mkono. Ruksa, shangazi, kwa ufupi.

(Shangazi, amesimama: “Kiwanda kinafunga lango adhuhuri, na kesho kinazima mitambo kwa matengenezo. Hizo nyanya ni jasho la msimu mzima la wanawake hawa. Zikilala hapa ni rojo. Umetusimamishia lori, sasa liwashe!”)

Nakushukuru kwa mchango wako, na ninaomba uheshimu itifaki.

(Shangazi: “Itifaki gani? Wewe nimekuogesha kwenye karai!” Vicheko virefu. Makamu Mwenyekiti anaanguka kutoka kwenye kiti kwa kucheka.)

Hayo ya karai yaingie kwenye kumbukumbu za kikao kama pongezi. Sasa, kwa weledi wangu nilioupata kwenye warsha, naagiza betri ibadilishwe mara moja.

(Dereva, kutoka chini ya boneti: “Mkuu, betri ni nzima. Ingekuwa imekufa, stata isingezungusha injini hivi.”)

Barabara! Tumeiondoa betri kwenye orodha ya watuhumiwa, hiyo ndiyo inayoitwa hatua. Basi itakuwa dizeli. Mama mmoja wa ushirika tayari ametumbukiza kijiti tangini, amekitoa, amekinusa, na amekunja uso kwa namna inayothibitisha kitaalamu kwamba dizeli imo. (Makofi kwa mama wa kijiti.) Chujio? Dereva anasema alibadilisha majuzi. Hewa kwenye mabomba? Amelegeza nati, amepampu kwa mkono, na mnaona wenyewe dizeli inavyotiririka bila hata povu, mpaka kwenye kiatu changu, ambacho kilikuwa cheusi na kitaendelea kuwa cheusi. (Vicheko.)

(Dereva: “Mkuu, mafuta yanafika kwenye pampu ya injini. Yanapotakiwa kutoka kwenda juu, ndipo yanapogoma. Kama vile injini imezimwa.”)

Ndugu zangu, injini imezimwa! Mnaona jinsi uchunguzi shirikishi unavyozaa matunda? Hatukujua kwamba injini imezimwa, sasa tunajua! Naunda kamati ndogo ya kuchunguza nani… shangazi, unapanda wapi? Shangazi, hiyo ni sehemu ya wataalamu.

(Shangazi, kutoka kiti cha mbele cha lori: “Jua limenichoma, nakaa humu karibu na nyanya zangu. Hili koti la nani limening’inizwa hapa mbele yangu?”)

Ni langu, naomba lisikunjwe, limepigwa pasi leo.

(Shangazi anaondoa koti. Dereva anachungulia dirishani, anapiga yowe: “Mkuu! Umetundika koti kwenye kishikio cha kuvuta cha kuzimia injini! Uzito umekivuta, dizeli imekatika!” Anakisukuma ndani. Lori: nye-nye, nye, VRUUUM. Moshi mweusi unafunika meza kuu. Vigelegele. Akina mama wanacheza. Mwenyekiti anamkumbatia Makamu wake bila kujijua.)

(Akikohoa.) Hongereni! Hongereni sana! Sasa naweza kuwafichulia kwamba lile koti lilikuwa zana ya mafunzo, iliyotundikwa pale kwa makusudi, na ninyi mmefaulu mtihani kwa asilimia zote! (Shangazi, akicheka mpaka machozi: “Muongo kama babako!”) Asante, shangazi, nakupenda pia. Dereva, nenda! Kanyaga! Adhuhuri haijafika! Akina mama, pandeni nyuma, shikeni mbao vizuri! Wapungieni mikono, jamani!

(Lori linaondoka likipiga honi. Uwanja mzima unapunga.)

Lahaula, wameondoka na koti. Na mfukoni mwa koti ndimo ulimo ukurasa wa mwisho wa hotuba. Si kitu, nimefurahi mno leo, nitamalizia kwa moyo. Injini! (Iwake!) Nyanya! (Zifike!) Shangazi! (Oyee!) Kituo! (Kiko wapi?)

Aa. Swali zuri.

Naanza na shukrani. Namshukuru jirani mwenye geti hili kwa kutuazima tulifungie utepe, ambao naukata sasa hivi, na baada ya hapo naomba mtu yeyote asiingie, kwani humo ndani ni kwake na mama mkwe wake amepumzika. Namshukuru mchoraji wa bango, aliyechora jengo zuri kiasi kwamba hata mimi nilimuuliza liko wapi. Nawashukuru waashi, ambao hatujawahi kuwaona, na ambao siku tukipata kiwanja tutawatafuta kwa bidii. Asanteni kwa kuja kwenye mradi huu, ndugu zangu. Bila ninyi, leo hapa pasingekuwa na kitu chochote.

(Utepe unakatwa. Sauti ya bibi kutoka nyuma ya geti: “Nani huyo?” Makofi marefu.)