Malalamiko Kuhusu Simba Aliyenyolewa

Kwa Mwalimu wa Darasa la Pili,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi. Mimi ni baba wa yule binti uliyempa kazi ya likizo: asome hadithi ya Simba aliyenyolewa, kisha atengeneze kinyago cha simba kwa boksi, gundi na "chochote kinachopatikana nyumbani". Naandika kwa heshima zote kulalamika, nikianza na hayo maneno ya mwisho.

1. Mimi ni kinyozi. Kinachopatikana kwangu ni nywele. Binti yangu alipita kibandani na mfuko, akaokota sakafuni rangi moja moja kama anayechagua nyanya, akambandikia simba wake. Sasa wateja wakiingia hawatazami kioo, wanatazama kinyago kilichoning'inia pembeni. "Hizi za kidevuni ni zangu," alisema hakimu mstaafu. Fundi viatu akabisha kwamba ni zake. Wazee wawili wenye heshima zao nusura washikane mashati kwa ajili ya ndevu za boksi.

2. Hadithi yenyewe. Simba anafokea kila mtu. Sungura anamnyoa akiwa usingizini. Asubuhi hakuna anayemtambua, na kisimani anaambiwa apange foleni na aseme "tafadhali". Mwalimu, mbona mnatuharibia jina? Sungura yule hakumuuliza mteja anataka mtindo gani, wala hakusafisha wembe. Watoto watatuonaje sisi vinyozi?

3. Binti ameongeza sheria yake mwenyewe. Jioni kinyago hurudi naye nyumbani, na anayefoka huko anavalishwa, na havuliwi mpaka aombe upya kwa adabu. Juzi niliuliza chai iko wapi, kwa sauti yangu ya siku zote. Nikavalishwa. "Simba, umesemaje?" Mke wangu, niliyemtegemea anitetee, alikaa chini kwa kicheko. Chai niliinywa imeshapoa, kupitia tundu la mdomo, huku nywele za hakimu zikinitekenya puani.

4. Hili ndilo zito. Kuna afisa mmoja tunamwita Bwana Haraka, ambaye macho yake hayaoni foleni. Wiki hii aliingia akamwinua fundi rangi kitini: "Toka hapo, nina kikao." Fundi akainuka na povu lake shavuni. Mimi, kama kawaida yangu, nilikung'uta kitambaa tayari kumfunga yeye. Mara binti yangu akatoka pembeni, akamnyooshea kinyago. "Vaa, halafu uombe."

Bwana Haraka akamtazama mtoto, kisha akanitazama mimi, akingoja nimkemee. Nilifungua kinywa nimkemee, Mwalimu, nakuapia. Kilichotoka ni: "Mzee, foleni inaanzia kwenye benchi." Aliondoka akisema nitamtambua. Fundi rangi akarudi kitini, nami nikamfunga kitambaa upya. Tangu siku hiyo wateja hawaondoki hata wakishanyolewa. Wanakaa benchini, wanasubiri afisa mwingine aje.

5. Kwa hiyo naomba Simba arudishiwe manyoya yake, Sungura afikishwe mbele ya sheria, na likizo ijayo watoto wachore duara walipake rangi, basi. Sijasikia duara likimgombanisha mtu na afisa.

Nisalimie Mwalimu Mkuu, mlinzi wa getini, mpishi wenu, na yule mwalimu wa hesabu ambaye kisogo chake nakifahamu vizuri. Wa kwangu wote hawajambo na wanakusalimu, isipokuwa mimi, niliyekasirika.

Wako katika masikitiko,
Kinyozi wa karibu na kituo

Nyongeza: Mwaka jana uliniita ukaniambia kwamba binti yangu hasemi darasani, na kwamba hata jina lake hulitaja kwa kunong'ona. Niliitikia tu, nikarudi kibandani. Jana, akinawa miguu, aliniambia kuwa shule ikifunguliwa atasimama mbele ya wenzake awasimulie hadithi ya Simba. Hakuna aliyemlazimisha. Kwa hiyo tafadhali usibadilishe hata neno moja, maana ameshaikariri yote. Siku hiyo nafunga kibanda. Nijulishe tu ni saa ngapi, na kama wazazi wanaruhusiwa kupiga makofi.