Nywila Niliyoisahau Mwenyewe

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu wa kitengo chetu cha kompyuta anastaafu mwisho wa mwezi. Tunamwita Mwalimu, maana sote katufundisha yeye. Mimi nilikuja hapa sijui hata kuchomeka waya wa printa. Miaka kumi na moja sasa! Kiti chake ni changu. Kilichobaki ni Mkurugenzi kukubali hivyo.

Kikwazo ni Dada Miwani. Ana miaka miwili tu hapa, lakini vyeti vyake vinajaza ukuta. Leo Mkurugenzi amemsifu mbele ya kikao kizima. Akanigeukia mimi. Nikajiweka sawa. Akauliza kama kiyoyozi kimeshatengenezwa. Kiyoyozi!

Jumanne, 5 Machi
Mke wangu anasema niende kwa Mkurugenzi, nimwambie waziwazi kwamba naitaka nafasi ile. Nimemjibu mambo ya ofisini hayaendi hivyo. Akasema basi nimwombe Mwalimu aniombee. Nimemwambia Mwalimu ana yake: mkewe kalazwa, hii wiki ya pili, na kesho kaomba ruhusa akakae naye.

Kesho! Dada Miwani atakuwa zamu ya asubuhi peke yake. Hapo hapo mpango ukanijia. Jioni kabla ya kutoka nimebadilisha nywila ya seva, ile kompyuta kubwa yenye mafaili ya kampuni nzima. Kesho hakuna atakayeingia. Dada Miwani atahangaika. Mimi nitatokea saa nne, nivute kiti, nibonyeze kidogo, kazi imekwisha.

Nywila nimetunga ngumu kweli kweli. Sikuiandika popote. Usalama kwanza.

Jumatano, 6 Machi
Saa nne nimetokea. Ofisi nzima imekaa bure. Nimekunja mikono ya shati. Nimebonyeza. Imekataa. Herufi kubwa ilikuwa ya kwanza au ya mwisho? Nimebonyeza tena. Mara ya tano seva imejifunga kabisa. Jasho!

Dada Miwani akasema hapa hakuna jinsi, apigiwe Mwalimu. Nilipinga. Nilipinga sana. Mkurugenzi akampigia mwenyewe.

Mwalimu alifika saa tano, kandambili za wodini bado miguuni. Hakuuliza nani kafanya. Alisema mkewe amepata usingizi, ana saa moja tu ya kutupa. Dada Miwani akaenda kuwatuliza watu wa mauzo. Tukabaki wawili chumba cha seva, feni zinavuma hata husikii la mwenzako.

Saa moja ikapita, akawa bado hajamaliza. Simu yake ikaanza kutetemeka mezani, nyuma ya mgongo wake. Mimi niliiona. Kwenye kioo: Binti Yangu. Akiondoka kabla hajamaliza, wataitwa mafundi wa nje, watachunguza, nitajulikana. Nikaweka jalada juu ya simu.

Ilitetemeka mara sita. Nilihesabu.

Saa saba seva ikafunguka. Watu wakapiga makofi. Mwalimu akaanza kutafuta simu yake.

Alhamisi, 7 Machi
Mkewe alifariki jana, saa sita na nusu. Binti yao anasema aliamka, akauliza mara mbili mumewe yuko wapi.

Mama yule ndiye aliyempa jina mwanangu wa kwanza. Sijala tangu jana. Mke wangu ananibembeleza, anasema nina moyo wa huruma.

Jumamosi, 9 Machi
Mazishi. Nimebeba viti. Nimebeba viti vingi kuliko mtu yeyote. Kila nikikaa nanyanyuka.

Mwalimu akaniita pembeni. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Asante, mwanangu. Siku ile hukuniacha peke yangu."

Nilifungua mdomo. Nikasema, "Pole, Mwalimu."

Akasema kosa ni lake, simu angeiweka mfukoni. Nilikwenda nyuma ya gari la kampuni nikalia mpaka dereva akaniletea maji.

Jumatatu, 11 Machi
Basi! Nimeamua. Nimekaa kumwandikia Mkurugenzi kila kitu: nywila, jalada, simu. Wanifukuze wakitaka. Siwezi kumtazama Mwalimu usoni tena.

Mistari minane. Nimeisoma, machozi yamenitoka. Ni barua ya muungwana hasa. Na Mkurugenzi anapenda watu wakweli, amesema mara nyingi. Nikaongeza sentensi moja kuhusu miaka yangu kumi na moja. Halafu mbili tatu kuhusu uzoefu. Halafu kwamba niko tayari kushika nafasi ya Mwalimu hata kesho.

Ikavuka ukurasa. Mkurugenzi hasomi ukurasa wa pili, kila mtu anajua. Ilibidi nipunguze. Nimefuta ile mistari minane ya juu, nimebakisha ya chini.

Inasomeka vizuri zaidi. Nimeituma saa tano na dakika kumi.