Birika Lililonyolewa Kipara

Jumatatu, 3 Juni
Kambi inafungua chumba cha kumbukumbu za kantini. Kantini yangu! Ujana wangu wote niliumalizia pale nikiwamiminia askari chai. Kapteni kasema kifaa kimoja tu kitakaa mlangoni, pamoja na picha ya mwenyewe. Kinyozi wa zamani wa kambi anatoa kiti chake. Kiti! Mimi natoa birika kubwa lenye koki. Tutaona.

Jumanne, 4 Juni
Nimelitoa birika stoo. Limefubaa, ubavu mzima mikwaruzo. Mama watoto kaniasa niliache lilivyo. Nimemwambia hajui mambo ya maonyesho. Majivu, mchanga, ndimu, mpaka mkono ukafa ganzi. Sasa linameta! Nimejiona ubavuni mwake, nikajipenda.

Jumatano, 5 Juni
Balaa! Kapteni kaja kuulizia majina. Majina yapi? Yale ambayo askari waliyakwaruza kwa msumari kabla ya kupanda malori kwenda mpakani. Kumbe hayo ndiyo anayoyataka! Nimesingizia giza la stoo, arudi Ijumaa. Kinyozi naye kachungulia. Eti kumbe nami ni kinyozi, nimelinyoa birika kipara. Mshenzi yule.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeshika msumari niyarudishe. Jina la kwanza halikuja. La pili, wapi! Vijana wale niliwapenda, lakini majina yao sikuyajua kamwe. Nilijua chai zao tu. Basi nimeandika: Sukari Nne. Majani Mengi. Nusu Kikombe, aliyeniachia nusu ya pili nimtunzie hadi arudi. Niliitunza mpaka ikaota ukungu. Hakurudi. Nimelia, mama watoto kanishikia birika lisiteleze.

Ijumaa, 7 Juni
Kapteni kaja na mzee mwenye mkongojo. Kapteni kusoma tu, kakunja uso. Mzee kapitisha kidole juu ya maandishi, kakwama kwenye moja. Kasema Sukari Nne ni yeye, na siku hizi daktari kamkataza hata kijiko kimoja. Kisha kaninong'oneza jina halisi la Nusu Kikombe. Walilala vitanda vilivyopakana. Nimeliandika papo hapo. Kapteni kavua kofia.

Jumamosi, 8 Juni
Birika liko mlangoni, picha yangu juu yake! Kiti cha kinyozi kiko kona ya choo. Sasa Kapteni anataka na karai langu la kukaangia mayai. Karai lenyewe jeusi, halafu chini wamechorachora sijui nini. Aibu mbele ya wageni! Mama watoto kaficha mchanga. Si kitu, jirani anajenga.