Kitabu Kilichokuwa Chini ya Uhakiki

Jumapili ile, baada ya baraka na kabla watu hawajaanza kutafuta viatu vya watoto wao chini ya mabenchi, Mwenyekiti wa Kamati ya Maktaba alisimama mbele na kulitangazia kanisa kwamba vitabu vipya vimewasili, kwamba maktaba ya kuazima imezaliwa upya, na kwamba kwa sababu hiyo shughuli zote za kuazimisha zimesimamishwa mpaka itakapotangazwa vinginevyo.

Watu walipiga makofi. Wengi walikuwa wamesikia nusu ya kwanza tu.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa utaratibu. Alifanya kazi masijala ya serikali tangu akiwa na nywele mpaka akabaki na kofia, na katika utumishi wake wote halikupotea faili hata moja, kwa kuwa halikutoka hata moja. Ujuzi huo ndio aliokuja nao kanisani. Maktaba ilikuwa kabati la milango ya vioo katika chumba cha nyuma, kati ya majoho ya kwaya na spika mbovu, na ufunguo wake aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, chini ya shati, upande wa moyo. Alioga nao na kulala nao.

"Kitabu kikiazimwa kinachakaa," aliwaeleza wanakamati, ambao walikuwa wawili na mmoja alikwisha kuhama mji. "Kikichakaa hakiazimiki tena. Kwa hiyo, njia ya uhakika ya kukiazimisha kwa muda mrefu ni kutokukiazimisha."

Mwanakamati aliyebaki aliunga mkono hoja, akaomba udhuru, akaondoka.

Tatizo lilikuwa watu wa kujitolea. Mchungaji aliwaita kutoka madhabahuni bila kupitia kamati, nao wakaja siku ya pili yake wamekunja mikono ya mashati: mkunga mstaafu, fundi baiskeli, wasichana wawili wa kwaya, na muuza mkaa aliyesema wazi kwamba amekuja kwa sababu nyumbani kwake kuna kelele. Mwenyekiti hakutaka kuwavunja moyo. Aliwapa vyeo. Mkunga akawa Mkuu wa Mapokezi. Fundi baiskeli akawa Afisa wa Ukimya. Wasichana wa kwaya wakaunda Kitengo cha Vumbi, chenye jukumu la kufuta vioo vya kabati kwa upande wa nje. Muuza mkaa akawa Mkaguzi wa Usafi wa Mikono.

"Sasa, Mwenyekiti," mkunga aliuliza, "nimpokee nani?"

"Msomaji."

"Nikishampokea?"

"Anakaguliwa mikono."

"Akishakaguliwa?"

"Anaelezwa kwamba vitabu viko chini ya uhakiki, anashukuriwa kwa uvumilivu wake, anasindikizwa mpaka nje."

Fundi baiskeli alitazama huku na huku. "Na mimi huo ukimya nausimamia wapi? Humu hamna mtu."

"Unaona? Umeanza vizuri."

Uhakiki ulikuwa jambo zito. Maana yake ni kwamba kila kitabu kipya lazima kisomwe kwanza na mtu aliyekomaa, asiyeweza kudhurika, ili ijulikane kama kitamdhuru muumini wa kawaida. Baada ya kulitafakari suala hilo kwa haki, Mwenyekiti aliona kwamba mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja tu, na kwamba mtu huyo, kutokana na wingi wa majukumu, hakuwa na haraka.

Mambo yangekwenda hivyo kwa amani kama Mchungaji asingepita chumba cha nyuma siku moja na kuwakuta watu watano wakililinda kabati. Alimwekea Mwenyekiti mkono begani, kama wanavyowekewa wagonjwa.

"Mzee wangu, Jumapili ya mwisho wa mwezi nakuja kukagua. Nataka nikute watu wanasoma. Nisipowakuta, utanipa huo ufunguo, niupeleke panaposomwa."

Mwenyekiti aliitikia vizuri, kisha akaenda zake akiupapasa ufunguo chini ya shati. Bila ufunguo angekuwa nani? Mtaa mzima ulimwita Mwenyekiti. Kabla ya hapo, tangu astaafu, alikuwa yule mzee wa nyumba ya kona, anayeulizwa kama ameona mbuzi wa watu wakipita. Hakuwa tayari kurudi kwenye mbuzi.

Ikabidi uhakiki uanze kweli, walau kuwe na cha kutolea taarifa. Akaanza na kitabu kilichoonekana cha hatari kupita vyote. Kilikuwa riwaya. Jalada lake lilikuwa na picha ya mwanamke aliyekalia sanduku kwenye kituo cha reli, ameipa treni mgongo. Mwenyekiti aliona kwamba mwanamke anayeipa treni mgongo ana jambo. Akakifungasha kwa gazeti, akaenda nacho nyumbani kukihakiki uani, kalamu nyekundu mkononi, tayari kupigia mstari uchafu wowote.

Kufikia sura ya pili kalamu ilikuwa imeanguka chini, na hakuna aliyeiokota.

"Chai inapoa, baba watoto," mkewe alimwita.

"Niko kazini."

"Kazi gani hiyo inakutoa machozi?"

"Moshi."

"Jiko sijaliwasha."

"Basi ni wa jana."

Alisoma polepole, midomo ikicheza, na kila baada ya kurasa chache alirudi nyuma kuhakikisha kwamba kweli mume wa yule mwanamke amesema alivyosema. Asubuhi alikivika kitabu gazeti lake, akakiweka juu ya kabati la nguo, akaenda kanisani kulinda vile vingine.

Na kila alipotoka, mkewe alikishusha. Kwanza alisoma mwenyewe, amekaa kizingitini, mchele haujachaguliwa. Alipomaliza, jirani akaomba kwa siku moja. Jirani akamwambia mkunga. Mkunga akamwambia fundi baiskeli, ambaye alisomewa na wasichana wa kwaya huku akiziba pancha, na muuza mkaa akaja kusikiliza akiwa ameficha mikono mgongoni, kwa kuheshimu cheo chake. Kila mchana kitabu kilirudi juu ya kabati la nguo, ndani ya gazeti lake, kabla mwenye nyumba hajafika. Mwenyekiti hakuyajua haya, na haifai kumlaumu, kwani nyumba yake haikuwa chini ya kamati. Aliona tu kwamba watu wa kujitolea wameanza kuomba ruhusa kwa zamu, na kwamba kuna mjamzito mmoja wa mkunga ambaye alikuwa akijifungua kila Alhamisi.

Jumapili ya ukaguzi ilifika. Chumba cha nyuma kilijaa, na waliokosa nafasi walichungulia dirishani. Mwenyekiti alivaa koti. Alisimama kando ya kabati lililong'aa, akakohoa, akatoa taarifa.

"Vitabu vilivyopotea, hakuna. Vilivyochanika, hakuna. Vilivyochafuliwa, hakuna."

"Vilivyoazimwa?" Mchungaji aliuliza.

"Mchungaji, kama nilivyotangulia kusema, vilivyochafuliwa hakuna."

Mchungaji alinyoosha mkono, kiganja juu, bila hasira. Mwenyekiti aliutazama ule mkono. Aliwaona mbuzi.

"Uhakiki unaendelea," alisema haraka. "Kusoma kupo. Ninayo taarifa ya mdomo." Akavuta pumzi. "Mtajwa ni mwanamke, wa umri wa kuolewa, na tayari ameolewa. Mtajwa aliuza cherehani yake ili kugharamia safari ya mume kwenda kutafuta kazi mji wa mbali. Mume aliahidi kuandika. Hakuandika."

Hapo sauti yake ilibadilika, na koti likaonekana kumbana. Aliwaeleza jinsi mwanamke yule alivyomfuata mumewe kwa treni, na sanduku moja. Jinsi alivyoikuta nyumba yenye mapazia, na watoto mlangoni wanaomwita mumewe baba. Jinsi ambavyo hakupiga kelele, akaomba maji tu, akayanywa yote, akakiweka kikombe dirishani taratibu kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa, akaenda kukodi chumba na kushonea watu kwa cherehani ya kuazima. Miaka ikapita. Halafu jioni moja, mvua inapiga, mlango ukagongwa. Nje alikuwa mume, amelowa chapachapa, viatu mkononi, hana hata kofia.

"Hana hata kofia," Mwenyekiti alirudia, akavua yake bila kujua.

Dirishani mtu alipenga kamasi.

"Uhakiki umefikia hapo," alisema, akajikaza. Ukweli ni kwamba sura ya mwisho alikuwa ameibakiza kama mtoto anavyobakiza nyama pembeni ya sahani. Aliogopa. "Kwa hiyo imethibitika kwamba msomaji yupo, naye ni mimi."

"Mimi naona yule mama alifanya sawa kabisa," alisema muuza mkaa kutoka nyuma. "Ningekuwa mimi, mlango ule..."

Mkunga alimfinya. "We, nyamaza. Mwenzio hajafika."

"Nani hajafika?" Mwenyekiti aliuliza. "Hajafika wapi?"

Watu walitazama dari. Fundi baiskeli alitazama viatu vyake. Mwishowe Mchungaji mwenyewe ndiye aliyejibu, tena kwa upole.

"Mwisho, mzee wangu. Mke wangu alikileta nyumbani Jumatano asubuhi. Usiku wake mimi sikulala."

Mwenyekiti aligeuka taratibu mpaka akamwona mkewe, amekaa kwenye benchi la kwaya, mikono magotini.

"Kwa kibali cha nani?"

"Cha jirani aliyeniomba," alisema mkewe. "Wewe ulikuwa kazini, baba watoto. Kitabu kilikuwa kimekaa bure."

"Basi," Mchungaji alisema, "nilisema ufunguo nitaupeleka panaposomwa. Kabati hili halijamsomesha hata panya. Lakini nyumba moja humu, kwa kitabu kimoja, imesomesha mtaa mzima. Ufunguo na uenyekiti vinabaki katika nyumba hiyo."

Mwenyekiti alitambua nyumba inayozungumzwa. Moyo ulimrudi mahali pake. Aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu unaostahili.

"Naipokea heshima hii kwa niaba ya nyumba yangu," alisema.

Mchungaji akautoa ufunguo kwenye ile shingo iliyoinama, akavuka chumba, akamvisha mama wa nyumba hiyo.

Hakukuwa na hotuba. Mama aliinuka, akafungua kabati, na watu wakajipanga mpaka nje, wakisukumana kwa adabu. Afisa wa Ukimya alikuwa akicheka kwa sauti na mtu.

Mzee alisimama pale alipoachwa, kofia mkononi. Kisha alisogea mpaka karibu na sikio la mkewe.

"Mama watoto. Alifungua?"

"Nani?"

"Yule. Mlango."

"Kasome mwenyewe."

"Basi nitasoma leo, nikifika nyumbani."

"Hakipo nyumbani. Kimeazimwa asubuhi, ulipotangulia kuja kulinda kabati. Kiko kwa mama mkwe wa fundi baiskeli, na nyuma yake kuna wanaokisubiri."

"Lakini mimi nilikuwa nacho kabla yao wote."

"Ulikuwa unahakiki," mkewe alisema, akimpa mtoto mmoja kitabu cha picha. "Wanaosoma wanapanga foleni. Usinizibie watu, mume wangu."

Mzee akaenda kuutafuta mwisho wa foleni. Ulikuwa nje, juani, karibu na lango, nyuma ya bibi mmoja mwenye fimbo. Bibi aligeuka, akamtazama kwa huruma.

"Na wewe unasubiri kile cha mwanamke na sanduku? Pole, mwanangu. Mimi narudia mara ya pili. Ukifika pale anaposhika komeo, yaani, pale..."

"Bibi, nakuomba," alisema mzee, na mbele ya kanisa zima akajiziba masikio kwa mikono yote miwili.